Ufundi kwa njia ya simu: nini kinafundishika, na nini kinahitaji karakana



Ofisi ya miradi imekuwa ikipokea maombi kutoka kamati za sharika za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke. Maombi hayo yanafanana. Kamati inaomba fedha za kununua kompyuta au vishikwambi ili vijana wafundishwe ufundi wa sola na ajira nyingine za kijani kwa njia ya kidijitali. Nia hiyo ni njema na tunaiunga mkono. Hata hivyo, katika mengi ya maombi hayo bajeti yote inaishia kwenye vifaa vya kusomea. Hakuna mstari wa spana, waya, paneli ya kufanyia mazoezi wala ada ya mtihani.

Tumeona ni vema tueleze kwa kirefu teknolojia hii inasaidia wapi katika mafunzo ya ufundi na inaishia wapi. Tunaamini maelezo haya yatazisaidia kamati kupanga bajeti, na yatawasaidia marafiki wanaotuchangia kujua waulize nini kabla ya kutoa.

Hali ilivyo pembezoni mwa jiji

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kati yao, Wilaya ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328. Msomaji akumbuke kuwa wilaya hizi mbili zilikwisha kupunguzwa eneo. Mwaka 2016 Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke.

Makazi yamekuwa yakisogea nje. Upande wa kaskazini familia zimejenga Tegeta, Wazo, Boko, Bunju na Mabwepande. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Mabwepande ilipokea pia familia zilizohamishwa kutoka mabondeni. Upande wa kusini watu wamejaa Mbagala, Charambe, Chamazi, Mbande na Toangoma. Vijana wa maeneo haya wengi wamemaliza darasa la saba au kidato cha nne na wanaishi kwa boda boda, kazi za ujenzi, saluni, kuuza chakula na biashara ndogo ndogo.

Chuo cha ufundi kinachojulikana zaidi katika mkoa huu ni cha VETA kilichopo Chang'ombe, Wilaya ya Temeke. Kijana wa Bunju anayetaka kusoma pale husafiri zaidi ya kilomita 30 kwenda tu, na anayetoka Mbande naye ana safari ndefu. Akihudhuria siku tano kwa wiki, hana tena muda wa kutafuta riziki. Kama nadharia anaweza kuisoma nyumbani kwa simu na akaenda karakana siku mbili tu kwa wiki, anaokoa safari tatu za kwenda na kurudi kila wiki. Kwa kozi ya wiki 12 hizo ni safari 36, na ni siku 36 ambazo anaweza kufanya kazi na kula. Kwa vijana wetu hiyo ndiyo faida kubwa ya kwanza ya mafunzo ya kidijitali. Tunaitaja mwanzoni kwa sababu mara nyingi husahaulika pale watu wanapovutiwa na kifaa chenyewe.

Ajira za kijani ni zipi?

Neno hili limeenea sana, na baadhi ya kamati hudhani maana yake ni sola peke yake. Ajira ya kijani ni kazi yoyote inayompa mtu kipato halali na wakati huo huo inapunguza uharibifu wa mazingira. Baadhi ya kazi hizo ni mpya, lakini nyingi ni kazi za zamani zinazofanywa kwa uangalifu zaidi.

Mfano ni fundi friji. Mtaani wapo mafundi wanaofungua bomba na kuiachia gesi yote hewani kabla ya kuanza matengenezo. Gesi ya R134a, ambayo imetumika kwa miaka mingi katika mafriji na viyoyozi vya magari, ina nguvu kubwa ya kuongeza joto la dunia. Kilo moja ikitoka ina madhara sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Fundi wa Mbagala anayejua kuinyonya gesi na kuihifadhi kwenye mtungi tayari anafanya kazi ya kijani, hata kama hajawahi kugusa paneli ya jua.

Ipo mifano mingine. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Watahitajika watu wa kufunga na kutengeneza majiko ya gesi, majiko ya umeme na majiko banifu. Huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ilijenga mtambo wa kugeuza taka za masokoni kuwa mboji kwa kushirikiana na jiji la Hamburg, Ujerumani, ambalo lina uhusiano wa kirafiki na Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Kukusanya na kutenganisha taka, kutengeneza mboji, kukarabati vifaa vya umeme badala ya kuvitupa, na kuhudumia pikipiki na bajaji za umeme zilizoanza kuonekana barabarani, zote hizo ni kazi ambazo kijana anaweza kufundishwa.

Mambo ambayo simu hufundisha vizuri

Hapa nchini wazo la kusoma ufundi kwa simu si jipya. Mwaka 2016 VETA kwa kushirikiana na kampuni ya Airtel Tanzania ilizindua programu ya simu iitwayo VSOMO. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka. Mwanafunzi alijisajili na kusoma nadharia kwenye simu, akafanya majaribio humo humo, na alipofaulu akaenda kwenye chuo cha VETA kufanya mafunzo ya vitendo kabla ya kupata cheti. Kamati zetu zizingatie mpangilio huo: simu ilitangulia, kisha ikafuata karakana. Hata waliobuni mpango wenyewe hawakudai kwamba simu inatosha.

Tuchukue sola kama mfano. Fundi anapoitwa kwenye nyumba, jambo la kwanza ni kukokotoa mahitaji. Tuseme nyumba ina taa tano za wati 9 zinazowaka saa 5, televisheni ya wati 60 inayotumika saa 4, na simu nne ambazo kila moja hutumia kama wati-saa 10 kwa siku. Taa ni wati-saa 225, televisheni 240, simu 40. Jumla ni wati-saa 505 kwa siku. Umeme hupotea njiani kwenye waya, betri na joto, kwa hiyo tunagawanya kwa 0.7 na kupata karibu 721. Tukipanga kwa saa 4.5 za jua kamili kwa siku, tunahitaji paneli ya wati 160. Kwa betri ya volti 12, wati-saa 505 ni sawa na ampea-saa 42. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, hivyo tunahitaji angalau ampea-saa 84, na fundi mwangalifu ataweka betri ya 100.

Hesabu ya namna hii inafaa sana kufundishwa kwa simu. Kijana anaweza kuirudia mara kumi bila kumwonea mwalimu haya. Anaweza kuifanya usiku baada ya kazi. Programu humpa nyumba ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kumwambia papo hapo alikosea wapi. Vivyo hivyo kutambua alama za michoro ya umeme, majina ya vifaa, rangi za waya na mpangilio wa hatua za kazi.

Jambo jingine ni hatari. Watu wengi hudhani sola haina madhara kwa kuwa haitoki kwenye nguzo. Lakini paneli moja kubwa inaweza kutoa volti 40, na tano zilizoungwa kwa mfululizo zikatoa volti 200 za umeme wa DC. Umeme huo haukatiki kwa kuzima swichi ya ndani. Maadamu jua linawaka, waya zinazoshuka kutoka darini zina umeme. Video inaweza kuonyesha waya unavyotoa cheche na kuwaka moto bila mtu yeyote kuumia. Jambo hilo hatuwezi kulionyesha darasani kwa usalama.

Tahadhari kuhusu video za ugenini

Baadhi ya kamati zimetuandikia kwamba video zipo tele kwenye intaneti, tena bure. Ni kweli, lakini nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani. Video ya Ujerumani itamwambia mwanafunzi aelekeze paneli kusini na kuiinamisha nyuzi 30 au zaidi. Kwao ni sahihi, kwa sababu Berlin ipo nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta, na jua lao la mchana lipo kusini siku zote. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwetu jua la mchana hupita upande wa kaskazini kwa miezi kama saba ya mwaka. Paneli inapaswa kuelekea kaskazini, na mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha ili mvua isafishe vumbi. Kijana wa Chamazi akiifuata video ya Ujerumani neno kwa neno, mteja wake atapata umeme pungufu kwa miaka mingi na hatajua sababu.

Kuna pia joto. Paneli nyingi hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25. Paneli iliyolazwa juu ya bati la Mbagala mchana inaweza kufika nyuzi 65, na hapo imepoteza asilimia 16. Dawa yake ni kuinyanyua ili upepo upite chini. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, kama Kunduchi na Mbweni, chumvi hula nati na boliti za chuma cha kawaida. Masomo yanayofaa kwetu ni yale yaliyoandaliwa kwa jua letu, mabati yetu na hewa yetu ya pwani, na kwa Kiswahili. Kama hayapo, mkufunzi ayarekodi kwa simu yake. Video ya dakika tano ya fundi wetu akifanya kazi juu ya paa la nyumba ya Tegeta itamfaa mwanafunzi kuliko filamu nzuri ya ugenini.

Mambo yanayohitaji karakana

Mkono haujifunzi kwa kutazama. Kijana anaweza kuona mara ishirini jinsi ya kumenya waya na kukaza kiungo, lakini siku ya kwanza atakata nyuzi za shaba na kuacha kiungo kikiwa kimelegea. Kiungo kilicholegea hupata moto, na moto huunguza nyumba. Kupanda paa la bati bila kulivunja, kusikia kwa vidole kwamba skrubu imefika mwisho, kushika mita ya kupimia umeme na kusoma namba yake huku jasho linaingia machoni, yote hayo hupatikana kwa kurudia mbele ya fundi anayejua.

Mfano mzuri upo Zanzibar. Mwaka 2015 Barefoot College ilifungua kituo chake Kinyasini, Unguja, kuwafundisha ufundi wa sola akina mama kutoka vijiji visivyo na umeme. Wengi wao hawakupata elimu ya kutosha shuleni. Wamefundishwa kwa kushika, kutazama na kurudia, wakitumia rangi kutambua vifaa. Wanarudi vijijini kufunga na kutengeneza taa za sola. Mfano huo unatufundisha kwamba mtu anaweza kuwa fundi mwenye manufaa hata kama hasomi vizuri, mradi mikono yake imepata mazoezi. Hatujui mfano wa kinyume chake, wa mtu aliyekuwa fundi kwa kutazama kioo tu.

Cheti na leseni

Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia. Kijana anaweza kumaliza kozi ya intaneti na kupewa cheti kizuri chenye rangi, kisha akakuta mwajiri hakitambui. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi stadi nchini, na vyeti vya mafunzo hayo vina ngazi zinazojulikana kwa waajiri. Kwa waliojifunzia mtaani, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wao bila kuwarudisha darasani kwa miaka. Tena, anayetaka kufanya kazi za kufunga umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, ambayo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu.

Wenzetu wa Kenya waliweka kanuni za umeme wa jua tangu mwaka 2012, na fundi wa sola anapaswa kuwa na leseni ya daraja lake. Mwelekeo wa ukanda mzima ni huo. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza darasa kanisani, kamati iulize: kijana akimaliza atafanya mtihani wa nani, na cheti chake kitamwezesha kuomba nini? Ikiwa jibu halipo, tutakuwa tumechukua muda na akiba ya mtoto wa maskini bila kumfikisha popote.

Gharama za bando na njia ya kuzipunguza

Video ya dakika 10 yenye ubora wa chini hutumia kama megabaiti 50. Yenye ubora wa juu inaweza kutumia mara tatu au nne ya hizo. Kozi ya video 30 za ubora wa chini ni kama gigabaiti 1.5. Kwa kijana anayenunua bando la siku kwa siku, kiasi hicho ni kikubwa, na wengi huacha njiani kwa sababu hiyo wala si kwa uvivu.

Dawa yake ni ya bei nafuu. Masomo yote yanaweza kupakuliwa mara moja ofisini na kuwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba kozi nzima na nafasi inabaki. Zipo pia programu za bure kama Kolibri, zinazowekwa kwenye kompyuta moja na kuwawezesha wanafunzi waliopo chumbani kusoma kwa simu zao bila intaneti. Kwa utaratibu huu usharika unahitaji kompyuta moja, si kumi.

Tukumbuke pia kwamba si kila kijana ana simu yake. Mabinti wengi wanatumia simu ya mama au ya kaka. Hao ndio wanaostahili kuazimwa kishikwambi. Vishikwambi vichache vya kuazimana, vikiwa na namba na daftari la kusaini, vinatosha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Mapendekezo kwa kamati za sharika

Tunapendekeza kamati zifuate hatua hizi kabla ya kuandika ombi:

1. Kuchagua fani moja tu ya kuanzia, baada ya kuzungumza na mafundi na wafanyabiashara wa mtaani. Kazi za friji, majiko au mboji zinaweza kuwa na wateja wengi kuliko sola katika mtaa ambao tayari una umeme wa TANESCO.

2. Kugawa masomo kwenye karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni yale ya kuona, kukumbuka na kukokotoa. Hayo yaende kwenye simu. Safu ya pili ni yale ya mkono. Hayo yaende karakana. Kwa kila saa moja ya simu, zipangwe saa mbili za vitendo.

3. Kutafuta karakana kabla ya kununua kifaa chochote cha kidijitali. Inaweza kuwa chuo kilichosajiliwa, au fundi mwaminifu wa jirani aliye tayari kupokea vijana wanne au watano kwa makubaliano ya maandishi.

4. Kupata kwa maandishi jibu kuhusu mtihani, cheti na ada zake.

5. Kuhakikisha kwamba katika kila shilingi 100 za bajeti, angalau 60 zinakwenda kwenye zana, vifaa vya mazoezi, malipo ya mkufunzi na ada za mtihani. Maombi yaliyopangwa hivyo yatapewa kipaumbele na ofisi yetu.

Kwa wanaotuchangia

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunajua picha ya vijana walioshika vishikwambi inapendeza kwenye taarifa. Tunawaomba mtuulize maswali mengine: ni wangapi walioanza, wangapi waliofanya mtihani, wangapi waliopata cheti kinachotambulika, na wangapi wanaoingiza kipato kwa fani hiyo miezi sita baada ya kumaliza. Mtuulize pia wangapi kati yao ni wasichana. Tutajitahidi kuzijibu namba hizo katika taarifa zetu, hata zinapokuwa ndogo.

Hitimisho

Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, lililozinduliwa mapema mwaka 2025, limeipa elimu ya amali nafasi kubwa kuliko zamani. Miaka ijayo vijana wengi zaidi watatoka shuleni wakiwa na mwelekeo wa ufundi, na watakuja kwenye sharika zetu kutafuta pa kuendelea. Simu zitawasaidia kusoma kwa gharama ndogo na bila kuacha kazi. Kitakachowafanya mafundi ni meza yenye zana, mwalimu anayesahihisha kiungo kilicholegea, na cheti kinachoaminika. Kamati zilizo na maombi ambayo hayajapitishwa zinaombwa kuyarudisha kwenye kikao, kuyapitia kwa mpangilio huu, na kuyaleta upya katika robo ijayo. Tupo tayari kuja kukaa nanyi na kusaidiana kuyaandaa.